Glovu za Pikipiki Zinazodumu: Ngozi, Mshono na Kifundo cha Mkono

Mtu anayeanguka hutanguliza mikono. Tendo hilo si la hiari, kwa maana mwili huinyoosha mikono kabla akili haijapata nafasi ya kuamua, na ndiyo sababu viganja huwa miongoni mwa viungo vya kwanza kukutana na ardhi, iwe pikipiki ilikuwa katika mwendo wa kasi kwenye barabara kuu au iliteleza tu juu ya kokoto za njia ya kijijini. Hata hivyo, katika mavazi ya mwendesha pikipiki wa Afrika Mashariki, glovu hushika nafasi ya mwisho, nyuma ya kofia ngumu na jaketi la kuakisi mwanga, na pale zinaponunuliwa huchaguliwa kwa rangi, kwa bei, au kwa ukubwa wa plastiki iliyobandikwa juu ya konzi, yaani viungo vinavyojitokeza mtu anapokunja ngumi.

Uimara wa glovu una pande mbili ambazo wanunuzi wengi huzichanganya. Upo uimara wa ajali, unaopimwa kwa sekunde, na upo uimara wa matumizi, unaopimwa kwa miezi na miaka ya jua, jasho, mvua na kushika usukani kutwa nzima. Glovu ya kufuma kwa sufi inaweza kumfaa mvaaji misimu kadhaa ya baridi na bado ikatoboka papo hapo inapogusa lami. Kadhalika glovu ya ngozi nzuri iliyoshonwa kwa uzi mbaya inaweza kufumuka katika mwaka wake wa kwanza bila ajali yoyote kutokea. Anayetafuta glovu za kudumu anapaswa kuulizia pande zote mbili kwa pamoja, na bahati nzuri ni kwamba majibu yake kwa sehemu kubwa hupatikana mahali pamoja: katika ngozi ya kiganja, katika mshono, na katika namna glovu inavyojifunga kwenye kifundo cha mkono.

Kwa hesabu ya fizikia, mwili unaoteleza juu ya lami kavu kutoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa husimama baada ya sekunde mbili na kidogo, ukiwa umeburuzika umbali unaokaribia mita 15. Mwendo ukiwa kilomita 80 kwa saa, muda hufika kama sekunde tatu na nusu na umbali hukaribia mita 40, kwa sababu mwendo ukiongezeka mara mbili umbali wa kuburuzika huongezeka mara nne. Sekunde hizo chache zinatosha kuondoa ngozi yote ya mgongo wa mkono, ambayo ni nyembamba na chini yake haina nyama ya kuikinga, bali kano, yaani kamba ngumu zinazounganisha misuli na mifupa ya vidole. Ngozi ya kiganja ni nene zaidi, lakini ni ngozi ya aina ya pekee, isiyoota vinyweleo na iliyojaa ncha za neva, hivi kwamba daktari anapolazimika kuiziba kwa ngozi iliyotolewa pajani, mgonjwa hapati tena hisia ile ile ya kugusa, na kovu likijikunja katika kupona linaweza kuvizuia vidole kunyooka. Kwa fundi, mshonaji, mkulima au dereva, hasara hiyo ni hasara ya riziki.

Mfupa unaostahili kuangaliwa kwa makini kuliko mingine ni skafoidi, mmojawapo wa mifupa minane midogo ya kifundo cha mkono, uliokaa upande wa kidole gumba. Kati ya mifupa hiyo minane, skafoidi ndio unaovunjika mara nyingi zaidi, na husababishwa hasa na kuangukia kiganja kilichonyooshwa. Ubaya wake ni kwamba damu huingia katika mfupa huo kutokea upande wa vidole na kurudi nyuma, kwa hiyo ukivunjika katikati, kipande kilicho upande wa kiwiko kinaweza kukosa damu na kufa. Isitoshe, picha ya eksirei ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe ufa wowote. Aliyeanguka na kubaki na maumivu katika kibonde kilicho chini ya kidole gumba anafaa kurudi hospitali hata kama aliambiwa hapo awali kwamba hana kasoro.

Uhusiano wa mfupa huo na glovu haudhihiriki upesi. Ngozi nzuri iliyowekwa kwenye kiganja hung'ang'ania lami, na mkono unaposimama ghafla huku mwili ukiendelea kwenda mbele, uzito wote hukikunja kifundo kwa nyuma mpaka mfupa unapasuka. Ndiyo maana watengenezaji makini huweka kwenye kisigino cha kiganja, ile sehemu nene inayopakana na kifundo, kipande cha plastiki ngumu yenye uso laini kinachouruhusu mkono uteleze badala ya kunasa. Mnunuzi anayelazimika kuchagua kati ya glovu yenye silaha nzito juu ya konzi lakini kiganja kitupu, na glovu yenye konzi za kawaida lakini iliyokingwa kwenye kisigino cha kiganja, achague hii ya pili bila kusita. Kinga ya konzi ina maana yake, hasa dhidi ya kioo cha gari jirani, tawi, au jiwe linalorushwa na gurudumu, ila kwa kuwa huonekana vizuri dukani hupewa sifa kuliko kazi inayofanya. Kidole cha mwisho nacho kisisahaulike, kwani kiko nje ya vyote na huviringishwa chini ya mkono kwa urahisi; baadhi ya glovu hukiunganisha na kidole cha pete kwa kipande kifupi cha ngozi, jambo ambalo huudhi kidogo siku za mwanzo na kuzoeleka baadaye.

Kuhusu malighafi, ngozi ya mnyama bado haijapata mpinzani wa kweli katika kiganja cha glovu. Nguvu yake hutokana na nyuzinyuzi za kolajeni, protini inayoujenga mwili, ambazo zimesukana pande zote bila mpangilio wa mistari, kwa hiyo mpasuko unaoanza mahali pamoja hauna njia iliyonyooka ya kuendelea. Ngozi ya ng'ombe ni nene, na kiwandani aghalabu hupasuliwa kwa mashine kuwa tabaka mbili. Tabaka la juu, lenye uso wa asili ambao vinyweleo viliotea, ndilo lenye nyuzinyuzi zilizobana na zenye nguvu. Tabaka la chini ni legelege zaidi, lina manyoyamanyoya pande zote mbili, na ndilo linalotumika katika glovu nyingi za mafundi wa kuchomelea vyuma. Wapo wanaolipaka tabaka hilo la chini rangi ya plastiki ili lifanane na la juu, na kwa macho tu tofauti haionekani mpaka rangi ianze kupasuka na kubanduka kwenye mikunjo ya vidole.

Ngozi ya mbuzi inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Kwa unene ule ule huwa ngumu kuchanika, na huku ikinyumbuka vizuri zaidi, hivyo mtengenezaji anaweza kutumia ngozi isiyofika hata milimita moja na bado akapata kiganja kinachostahimili na kinachomwezesha mwendeshaji kuhisi klachi na breki. Ngozi ya kangaruu wa Australia, ambayo nyuzinyuzi zake hulala sambamba na uso wa ngozi, huzishinda zote mbili kwa nguvu ikilinganishwa na uzito wake, ila bei yake huiweka katika mikono ya wakimbizaji wa pikipiki za mashindano. Kwa safari za kila siku, ngozi ya mbuzi au ya ng'ombe ya tabaka la juu inatosha kabisa, na nchi zetu hazina upungufu wa wanyama hao, ingawa glovu nyingi za pikipiki zinazouzwa duniani hutoka mbali, ukiwamo mji wa Sialkot nchini Pakistani ambao umejenga jina katika ushonaji wa bidhaa za ngozi.

Njia ya kuitambua ngozi halisi ni kuangalia ukingo uliokatwa, ambao kwa kawaida huonekana ndani ya pindo la kifundo. Ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi zilizosukana kutoka juu hadi chini; reksini, yaani kitambaa kilichofunikwa kwa plastiki, huonyesha tabaka mbili zilizogandishwa, utando mwembamba juu na nguo chini yake. Tofauti hiyo si ya urembo. Msuguano huzalisha joto, na nyuzi za nailoni na polista huyeyuka katika joto lililo kati ya nyuzijoto 220 na 265 za Selsiasi kutegemea aina yake, ambapo plastiki iliyoyeyuka inaweza kugandamana na jeraha. Nyuzi za aramidi, aina ambayo Kevlar ni mfano wake mashuhuri, haziyeyuki na hutumika kuimarisha glovu kwa ndani, lakini zina udhaifu ambao wauzaji huutaja kwa nadra: mwanga wa jua huzidhoofisha, kwa hiyo mahali pake ni chini ya ngozi wala si juu yake. Kitambaa cha polista au nailoni kinafaa juu ya vidole na mgongoni mwa glovu, ambako hupitisha hewa, mradi kiganja na upande wa nje wa kidole cha mwisho vibaki kuwa ngozi.

Hata hivyo, glovu nyingi hushindwa kwenye mshono kabla ngozi haijashindwa, na hapa ndipo mnunuzi anapopaswa kutumia muda wake mwingi. Mshono ni mstari wa matundu, na kila tundu ni udhaifu. Fundi anayeshona matundu ya karibu mno akidhani anaongeza nguvu huigeuza ngozi kuwa kama karatasi iliyotobolewa ili ichanike kwa urahisi, na anayeyaachanisha mno huacha mwanya unaofunguka mkono unapojaa. Uzi wa pamba haufai kabisa, kwa sababu jasho huuozesha. Uzi wa nailoni hustahimili msuguano vizuri sana, lakini polista hulivumilia jua kuliko nailoni, na katika nchi ambako pikipiki hushinda juani na glovu zikiwa zimewekwa juu ya tangi, sifa hiyo ina uzito. Upande wa kiganja unafaa kuwa na mistari miwili ya mshono kila panapounganishwa vipande viwili, ili mmoja ukikatika mwingine ushike. Mishono iliyogeuzwa nje kwenye ncha za vidole huondoa usumbufu wa kugusa kucha, ila pale ambapo uzi umeachwa wazi kwenye kiganja, lami huukata kwanza.

Jaribio lake ni jepesi na halimgharimu mnunuzi kitu. Ashike ngozi pande zote mbili za mshono kwa vidole gumba na kuivuta kwa nguvu ya wastani huku akiuelekeza mshono kwenye mwanga. Uzi ukionekana kama ngazi na mwanga ukipenya katikati, kazi hiyo ni dhaifu. Kisha atazame pembe iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Hapo ndipo glovu ya kulia huchakaa kwanza, kwa sababu mkono huo huzungusha mpini wa mafuta maelfu ya mara, na mtengenezaji anayejua kazi yake huongeza kiraka cha ngozi mahali hapo bila kupitisha mshono katikati ya sehemu inayoshika mpini, maana mshono wa hapo huleta malengelenge kabla ya jioni.

Glovu bora kuliko zote haina faida ikichomoka mkononi kabla mkono haujafika chini, na hilo hutokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Kinga dhidi yake ni mkanda wa velkro unaozunguka mahali pembamba pa kifundo, juu kidogo ya kisigino cha kiganja, wala si ule unaofunga pindo la mwisho peke yake. Mnunuzi avae glovu, aifunge kama atakavyoifunga barabarani, kisha mtu mwingine amshike ncha za vidole na kuvuta. Glovu ikitoka, irudishwe rafuni, hata kama ngozi yake ni nzuri kiasi gani.

Ulaya ina kiwango rasmi cha glovu za waendesha pikipiki kiitwacho EN 13594, ambacho toleo lake la mwaka 2015 lina daraja mbili. Katika kipimo cha msuguano, kipande cha kiganja hubonyezwa juu ya mkanda wa msasa unaokimbia, na daraja la kwanza hutakiwa kustahimili sekunde 4 na la pili sekunde 8 kabla ya kutoboka. Sekunde hizo ni za mashine na hazilingani moja kwa moja na sekunde za barabarani, lakini zinawezesha glovu mbili kulinganishwa kwa haki. Daraja la kwanza hutaka glovu ipite kifundo kwa milimita 15 angalau, la pili milimita 50, na kinga ya konzi, ambayo ni ya hiari katika daraja la kwanza na huonyeshwa kwa herufi KP, ni ya lazima katika la pili. Lebo ya kweli, iliyoshonwa ndani, huonyesha picha ndogo ya mwendesha pikipiki, namba ya kiwango na daraja. Herufi CE, alama ya jumla ya bidhaa zinazouzwa Ulaya, zikiwa peke yake hazithibitishi kwamba glovu imefikia kiwango hicho. Ufaransa, ambayo tangu tarehe 20 Novemba 2016 imefanya glovu kuwa lazima kwa dereva na abiria wa pikipiki, hudai glovu zenye alama hiyo ya CE.

Tahadhari ihitajiwayo zaidi Afrika Mashariki ni kuhusu namba nyingine, EN 388, inayopatikana kwenye glovu za saiti na viwandani pamoja na picha ya nyundo na tarakimu kadhaa. Kiwango hicho ni halali, lakini kinapima kazi za mikono, kama vile kubeba mawe na mabati. Glovu ya pamba iliyochovywa kwenye mpira inaweza kupata alama nzuri humo, na bado haina mkanda wa kifundo wala kinga yoyote dhidi ya kuanguka kwa kasi.

Kipimo cha mkono huchukuliwa kwa kuzungusha utepe kwenye kiganja, chini ya konzi na bila kidole gumba. Mzunguko wa milimita 203 ni saizi ya 8, milimita 229 ni ya 9 na milimita 254 ni ya 10. Glovu ijaribiwe mkono ukiwa umekunjwa kana kwamba umeshika mpini, maana inayotosha vizuri mkono ukiwa umenyooka hubana ukikunjwa, na inayozidi huacha ngozi ya ziada ikijikunja kwenye kiganja na kukichosha. Ngozi hutanuka kidogo kwa kuvaliwa. Kitambaa na plastiki havitanuki.

Kwa dereva wa bodaboda, ambaye siku nzima hupokea noti, hurudisha chenji na kujibu simu, glovu ndefu yenye mikanda miwili ni nzuri katika maelezo na haivaliki katika kazi. Glovu isiyovaliwa haimlindi mtu, na hivyo ni busara zaidi kuchagua fupi, ya ngozi ya mbuzi, yenye mkanda mmoja unaofungwa kwa mkono mmoja na ncha ya kidole cha shahada inayofanya kazi kwenye skrini ya simu, kuliko kukata ncha za vidole kwa kisu kama wafanyavyo wengine, kwani ncha hizo ndizo hutangulia kuchubuka. Abiria wake, aliyekaa nyuma mikono mitupu, hana hata hifadhi hiyo.

Hali ya hewa nayo hubadili uchaguzi. Pwani, katika joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, glovu isiyo na vitobo vya hewa huvuliwa kabla ya saa nne asubuhi. Vitobo hivyo viwe kwenye mgongo wa glovu na ubavuni mwa vidole, kamwe visiwe kwenye kiganja. Makete, Njombe, Limuru au Kabale, ambako asubuhi vidole hufa ganzi na kuchelewa kuifikia breki, bitana ya kuhifadhi joto ni sehemu ya usalama. Utando wa kuzuia maji husaidia wakati wa masika, ila glovu yenye utando ikaguliwe kwa kuchomoa mkono ukiwa na jasho: bitana ikitoka pamoja na vidole, haitarudi mahali pake vizuri.

Glovu za mitumba, kama zile za masoko ya Karume au Gikomba, wakati mwingine ni bora kuliko mpya za bei hiyo hiyo, kwa masharti. Ngozi iliyokaa miaka ghalani hukauka mafuta yake, kwa hiyo ikunjwe kwa nguvu na kutazamwa kama inapasuka usoni. Harufu ya uvundo ni dalili ya kuvu ndani ya bitana. Na mikwaruzo ya mstari mmoja kwenye kiganja huashiria kwamba glovu hiyo imekwisha kuanguka mara moja, hivyo iachwe.

Matunzo huamua kama ngozi itaishi miaka mitano au mmoja. Chumvi ya jasho huifanya iwe kavu na ngumu, kwa hiyo ioshwe mara moja moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, ikamuliwe bila kusokotwa, na ikaushwe kivulini penye upepo. Kuiweka juu ya injini au karibu na bomba la moshi ili ikauke upesi ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kuiua, kwani joto huikunja kolajeni, nayo ikishajikunja hairudi. Inapokaribia kukauka, ipakwe mafuta ya ngozi kidogo tu, kwa sababu yakizidi huilegeza na kuufanya mshono uteleze.

Mshono ukifumuka, fundi viatu anaweza kuurekebisha vizuri, ilimradi aombwe mambo mawili: atumie uzi wa polista, na apitishe sindano katika matundu ya zamani bila kutoboa mapya. Glovu ambayo kiganja chake kimesagika kwa kuanguka haifai kutiwa kiraka, hata ikionekana nzima kwa nje, kwa kuwa ngozi iliyobaki imekwisha kupungua unene na uzi wake umekwisha kukatwa nusu.